Mteja aliyeondoka na nusu ya kichwa

SWALI

Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni kinyozi hapa Kisenyi, Kampala, mwaka wa saba sasa. Saluni yetu hupiga muziki wa Marekani kutwa nzima, na lile neno la N, la Kiingereza la kumwita mtu mweusi, tunaitana nalo wenyewe kwa wenyewe kama salamu. Wiki iliyopita alikuja Mmarekani mweusi, anatoka Atlanta. Nimeshamaliza upande wa kulia, mwenzangu akaniita kwa neno hilo, nami nikaitikia kwa hilohilo. Mteja akavua shuka shingoni, akasema "hilo neno si lenu", akaweka elfu kumi mezani na kuondoka na nusu ya kichwa. Tulibaki tumeduwaa. Mudokolo wetu, yule kijana anayefagia nywele, ndiye peke yake aliyecheka. Sasa naomba kuuliza: sisi si weusi kumshinda hata yeye? Na kuna rafiki yangu Mhindi anayeuza vipuri vya pikipiki duka la pili kutoka letu, tumekua pamoja, naye analitumia na hatuna shida naye. Kosa liko wapi, na mwenye ruhusa hasa ni nani?

JIBU

Wa aleikum salaam, ndugu yangu.

Nianze na jibu lenyewe, maana najua saluni haina muda wa utangulizi. Neno lile si lenu, na mteja alikuwa na haki ya kukasirika. Ila nyote wawili, kwa ninavyoona, mlikuwa mnabishania ngozi, na neno hili halifuati ngozi. Linafuata kipigo.

Humu nitaendelea kuliita neno la N, kama ulivyoliita wewe. Si woga. Nimefundisha isimujamii, yaani namna jamii inavyotumia lugha, karibu miaka thelathini na nimelitamka darasani mara nyingi kuliko ninavyopenda. Tatizo ni kwamba maandishi hayana sauti. Ukilisoma hapa hutajua kama nacheka, nanukuu au natukana, na uhai wote wa neno hili umo katika tofauti hiyo.

Umeuliza kama ninyi si weusi kumshinda yeye. Nami nikuulize: alipokuwa anakuja kwenu kwa miguu, watoto wa mtaani walimwitaje? Wamarekani weusi wanaofika Kampala husimulia jambo lilelile, kila mmoja kwa mshangao wake. Anashuka kwenye boda, amevaa fulana na ndala kama mtu mwingine yeyote, sura yake ungeapa ni Msoga. Akishafungua mdomo tu, watoto wanamwimbia "muzungu, bai!" na bei ya boda inapanda palepale. Mtu huyo sokoni Owino ni mzungu, akifika kwenye kiti chako amekuwa ndugu yetu mweusi. Undugu huo tunaufungua na kuufunga kama duka, kwa saa zinazotufaa sisi. Sisemi hivi kukuaibisha, mimi mwenyewe nimewahi kumpandishia mtu bei. Nasema tu kwamba kama weusi ungetosha kutufanya kitu kimoja naye, "muzungu" isingekuwepo.

Neno la N lilikulia mbali na sisi. Asili yake ni Kilatini niger, yaani rangi nyeusi, likapita kwa Wahispania na Wareno mpaka kwa Waingereza. Mwaka 1619, Waafrika ishirini na kidogo waliotekwa Angola walipofikishwa Virginia, mlowezi John Rolfe aliwaandika kwa jina la rangi hiyo, kama mtu anavyoandika idadi ya magunia. Dharau iliingia kidogo kidogo, kadiri sheria za utumwa zilivyokaza kamba. Kufikia 1837 mchungaji mweusi aliyeitwa Hosea Easton aliandika wazi kuwa hilo ni neno la kudhalilisha, na kwamba watoto wa Wazungu walikuwa wanatishiwa nalo tangu mikononi mwa yaya: usipotulia utakuwa kama yule. Utumwa ulifutwa mwaka 1865, neno likabaki kazini. Chuo cha Tuskegee kilihesabu watu weusi 3,446 waliouawa na makundi ya wenye hasira Marekani kati ya 1882 na 1968. Wengi wao neno hilo walilisikia kabla ya kuiona kamba. Mteja wako, kama ni mtu wa Atlanta kwelikweli, huenda ana bibi aliyewahi kuambiwa neno hilo na mtu ambaye haikuwa salama kumjibu.

Babu zetu hapa walitukanwa pia, na Waingereza hawakukosa msamiati. Ila neno lililowabana asubuhi mpaka jioni lilikuwa jingine: boi. Mzee mwenye wajukuu, huko Nakasero, anaitwa boi na kijana wa Kiingereza wa miaka ishirini na miwili, na anaitika "bwana". Mkiamua Kisenyi kulichukua neno hilo na kulifanyia mnavyotaka, sina la kusema. Hilo mmerithi.

Kiswahili kina kitenzi kizuri kwa jambo hili: kukomboa. Mateka hukombolewa, na kitu kilichowekwa rehani hukombolewa. Katika yote mawili kuna mwenyewe aliyenyang'anywa, na kuna gharama aliyoilipa. Watu wakilichukua tusi walilotupiwa na kuanza kuitana nalo, tunasema wamelikomboa. Imetokea mara nyingi duniani. Mwaka 1906 gazeti la London lilibuni jina la kuwakejeli wanawake waliodai kura, suffragette, nao wakalivaa na baadaye wakaliweka juu ya gazeti lao wenyewe. Huko Paris miaka ya 1930 washairi Aimé Césaire na Léopold Senghor walilichukua neno la Kifaransa la kumtukana mtu mweusi wakalijengea harakati nzima, négritude. (Mwandishi Wole Soyinka aliwacheka, akasema chui mkubwa hatangazi uchui wake, anaruka tu. Lakini Soyinka alikulia Nigeria, kati ya watu wake, si kwenye mitaa ya Paris ambako tusi lilimsubiri mtu kwenye kona. Hapo namuunga mkono Césaire.)

Mifano ya mbali haitakuonyesha jinsi jambo lenyewe linavyofanya kazi ndani ya nyumba. Twende Bombo, nilikozaliwa.

Sisi ni Wanubi. Babu zetu walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, na Kapteni Lugard, afisa Mwingereza, aliwakuta Kavalli, ng'ambo ya Ziwa Albert, mwaka 1891, akawachukua wampiganie. Kwa historia hiyo tumeitwa majina mengi, na lililouma kuliko yote ni Anyanya. Mwanzo lilikuwa jina la fahari. Wapiganaji wa kusini mwa Sudan katika vita vya 1955 hadi 1972 walijiita hivyo wenyewe, na asili yake ni sumu ya nyoka. Idi Amin akawaingiza baadhi yao katika jeshi lake. Alipoanguka Aprili 1979, kila Mnubi, kila Mkakwa, kila Mlugbara aliyekutwa njiani akawa Anyanya. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Silaha aliyowahi kushika ni mkasi. Pale kwenye kizuizi cha barabarani, askari alimvua saa, akamtazama usoni na kumwambia, "Anyanya, rudi kwenu." Kwetu ilikuwa nyuma ya kituo cha basi, dakika kumi kwa miguu.

Tulikimbilia Sudan kama wengi. Tuliporudi baada ya miaka, mabati hayapo, milango haipo, na mwembe umekatwa. Hapo ndipo sisi watoto tulipoanza kuitana Anyanya. Kwenye mpira: "Anyanya, pasi!" Mama akipakua ugali anaita, "Haya, maanyanya, njooni mle kabla hawajaja." Tulikuwa tunacheka mpaka tunapaliwa. Nimekuja kusoma maandishi ya wasomi kuhusu kicheko kile, wana istilahi zao, lakini kwa lugha ya saluni ni hivi: tulikuwa tunamwigiza yule askari. Kila tulipolitamka neno, alikuwa amesimama katikati yetu na saa ya baba mkononi, na safari hii tulikuwa wengi kuliko yeye. Neno lilelile, na aliyechekwa sasa alikuwa mwenye bunduki.

Sasa sikiliza sehemu ya pili. Tulikuwa na jirani Muganda, mtoto wa rika langu. Familia yake ilituhifadhia cherehani ya baba muda wote tuliokuwa ukimbizini, wakaifunika kwa magunia ya kahawa, wakaturudishia ikiwa na mafuta. Watu gani wanafanya hivyo? Mtoto huyo alikuwa anakula kwetu kila Ijumaa na alikuwa anakijua Kinubi kuliko binamu zangu wa Kampala. Siku moja mpirani naye akapaza sauti: "Anyanya, pasi!"

Mchezo ulisimama. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemkaripia. Kaka yangu aliuokota mpira akaukumbatia na kuelekea nyumbani. Mimi nilikuwa nampenda rafiki yule, bado nampenda, lakini neno lilipotoka kwake sikusikia mtu akimwigiza askari. Nilimsikia askari. Yeye angeweza kupita kizuizi kilekile jioni ileile akipiga mluzi.

Alikuja usiku kuuliza amekosa nini. Alikuwa analia. Mama alimkalisha, akampa chai, akamwambia: "Sisi tukiitana hivyo, wote tumo ndani ya neno. Wewe ukituita, wewe unakuwa umesimama wapi?"

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo. Sijapata swali lililo bora kuliko hilo la mama, na ndilo ninalokupa wewe. Wewe na mwenzako mkiitana kwa neno la N, mmesimama wapi? Si ndani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaita hivyo ili awanyime nyumba, kazi au pumzi. Nadhani mmesimama mbele ya spika. Neno lilikuja kwenye kaseti, kisha CD, kisha simu, likiwa na mdundo mzuri na bila risiti.

Utaniambia: mbona wenyewe wanaliimba na kutuuzia? Hapo una hoja, na wenyewe wanagombana juu yake mpaka leo. Wapo waliolilainisha hata mwisho wake, ile r ya Kiingereza ikatoweka ikawa a, wakasema hilo sasa ni neno jingine. Wapo wasiotaka kulisikia kwa matamshi yoyote. Julai 2007 NAACP, jumuiya kongwe ya kutetea haki za Wamarekani weusi, ililifanyia mazishi kamili mjini Detroit, jeneza likavutwa na farasi barabarani na watu wakafuata nyuma. Mwaka huohuo baraza la jiji la New York lilipitisha azimio la kuliacha, azimio lisilo na faini wala kifungo. Maiti, kama unavyojua kwa kusikiliza spika yako, hakukaa kaburini.

Kisa ninachotaka ukishike ni cha Richard Pryor, mchekeshaji mweusi wa Marekani. Miaka ya 1970 hakuna aliyelitumia neno la N jukwaani kumshinda. Aliliweka hata kwenye jina la albamu yake ya mwaka 1974, na watu weusi walicheka kwa sababu walijua anamcheka nani. Mwaka 1979 akaja Kenya. Alisimulia baadaye jukwaani, katika filamu iliyotoka mwaka 1982, jinsi alivyokaa kwenye ukumbi wa hoteli akitazama watu wakipita, weusi wa kila namna, wakifanya kila kazi. Sauti ikamuuliza moyoni: unaona hapa mtu yeyote wa neno la N? Akajibu hapana. Ndipo akagundua kwamba kwa wiki tatu zote alizokuwa huku hakulitamka, hata kulifikiria hakulifikiria. Akasema hatamwita tena mtu mweusi kwa neno hilo.

Yaani mtu alivuka bahari na mzigo huo kichwani, akaja kuutua Afrika Mashariki. Na sisi wa Afrika Mashariki tukauokota tukaupeleka Kisenyi. Simjui mteja wako, lakini Wamarekani weusi wengi huja huku wakiwa na tumaini kama la Pryor, hata wasipolisema: kwamba kuna mahali duniani mtu anaweza kukaa kwenye kiti cha kinyozi na lile neno lisiwepo chumbani.

Suala la kuimba ni dogo, nalipitia haraka. Mwaka 2018 mwanarapu mweusi wa Marekani, Kendrick Lamar, alimpandisha jukwaani msikilizaji mmoja mwanamke mweupe, kwenye tamasha huko Alabama, aimbe naye wimbo wake. Akaimba kila neno kama lilivyoandikwa, na Lamar akausimamisha wimbo. Watu waligombana sana: kama hutaki liimbwe, uliliandikia nini? Mimi naona ni sawa na barua. Ukisoma kwa sauti barua ya mtu iliyoandikwa "sisi tumeteseka", hujateseka kwa kuisoma. Mkipenda wimbo, pigeni wimbo. Neno likifika mnaweza kunyamaza nusu sekunde, mdundo hautaanguka.

Huenda unafikiri neno ni neno, likitukana linatukana popote. Wewe ni Mwislamu, kwa hiyo utanielewa nikitumia kafiri. Bombo msikitini ni neno la dini, tunalisikia kwenye hotuba ya Ijumaa na hakuna anayegeuka. Wafanyabiashara Waislamu wa pwani walilitumia kwa watu wa bara wasio Waislamu, Wareno wakalichukua, Waholanzi na Waingereza wakalipokea, na kule Afrika Kusini likawa tusi kuu la ubaguzi wa rangi. Leo ukimtupia mtu neno hilo Johannesburg unaweza kufungwa. Mwaka 2018 mahakama ya huko ilimhukumu mwanamke mweupe, Vicki Momberg, miaka mitatu jela, mmoja ukiahirishwa, kwa kuwatukana nalo polisi weusi mara nyingi mfululizo. Na bado huko Sri Lanka, karibu na Puttalam, kuna jamii ndogo yenye asili ya Afrika inayojiita kwa jina hilohilo, bila chembe ya aibu, kwa sababu kwao halikutumika kama kiboko. Sauti moja, anwani tatu. Kwa hiyo ukitaka kujua neno linauma au haliumi, usiende kwenye kamusi peke yake. Uliza lilimfanya nini mtu huyu aliye mbele yako.

Sasa rafiki yako wa vipuri. Hapa nitakaa kidogo, maana nahisi ndilo swali lililokuwa linakusumbua zaidi.

Sidharau urafiki wenu. Na yeye ana majeraha yake. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, akisema wanamkamua ng'ombe bila kumlisha, na watu waliozaliwa Jinja na Mbale wakapanda ndege na sanduku moja. Mpaka leo tunamwita kila Mhindi kalasinga hata kama hajawahi kuvaa kilemba. Akija siku moja na kuniambia yeye na ndugu zake wanaitana kalasinga kwa kucheka, nitamwelewa kwa sababu ileile ya Anyanya. Lakini neno la N halikuwa kiboko cha mgongoni kwake. Zaidi ya hapo, tukumbuke ngazi ambayo Waingereza walituachia: mzungu juu, Mhindi katikati nyuma ya kaunta, Mwafrika chini akibeba katoni. Dukani kwake, nadhani, kuna mchukuzi anayeshusha mizigo. Siku rafiki yako atakapomwita huyo kwa neno la N, kwa mzaha uleule aliouzoea kwenu, mchukuzi atajibu nini? Wewe unaweza kumrudishia. Yule anasubiri mshahara.

Watu wetu walikuwa na utaratibu wa mambo haya kabla hatujaanza kuyasomea. Utani. Wangoni na Wahehe kule Tanzania walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Mtani anaingia msibani kwako na kukutukania marehemu, na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Lakini utani una masharti: anayetukana lazima akubali kutukanwa kwa uzito uleule, na mtani wako si mtani wa jirani yako. Jaribu hilo kwa rafiki yako. Mwambie neno lililo zito kwake kama hilo la N lilivyo zito kwa mtu wa Atlanta, umwambie mbele ya mama yake. Kama hamuwezi kucheka wote wawili, basi hamjafika kwenye utani.

Na hata mkifika, ruhusa mliyompa si yenu kuitoa. Mmemkopesha baiskeli ya jirani. Mwenyewe alipoingia saluni akaikuta inaendeshwa, mlitegemea nini?

Kuna wakati mlango huu unafunguka, na ni haki niuseme. Mpwa wangu anaishi Waltham, Massachusetts, mji wenye Waganda wengi kiasi kwamba matooke hayamsumbui. Mwaka wake wa pili huko, anatoka kazini usiku, gari likapunguza mwendo, kioo kikashuka, akatupiwa neno la N pamoja na kikombe cha kahawa. Aliyetupa hakumuuliza kama babu yake alivuka Atlantiki kwa meli au yeye alivuka kwa ndege. Amadou Diallo alikuwa mhamiaji kutoka Guinea. Februari 1999 polisi wa New York walimfyatulia risasi 41 mlangoni kwake, mkononi ana pochi. Huko weusi wa Guinea, wa Uganda na wa Alabama hutazamwa kwa jicho moja. Kwa hiyo mpwa wangu ana dai ambalo wewe huna, na mwanawe aliyezaliwa kule atakuwa na dai zaidi. Nilimuuliza kama analitumia. Akasema wenzake wa kazini wanalitumia, na siku moja walimwita nalo kwa upendo, akaelewa kuwa amepokelewa. Yeye mwenyewe bado halijamtoka mdomoni. Sikumuuliza sababu.

Mteja wako naye nimrekebishe kidogo, ingawa hayupo. Kama alimaanisha kwamba sisi hatujui kutukanwa, hapo alikosea, na ningefurahi kumkalisha nimsimulie habari ya boi. Simu yake huenda unayo, siku hizi watu hulipia kwa simu au huacha namba. Ukimpata, usianze na maelezo kwamba hukukusudia, hayo anayajua. Mwambie upande wa kushoto bado uko kwako, na hautakuwa na malipo. Kama atakuja, zima spika kwanza.

Limebaki jambo moja ambalo hukuniuliza. Umeandika "mudokolo wetu". Nimeirudia sentensi hiyo mara tatu. Neno hilo huku kusini tunalitupa kwa Waacholi, kwa Walango, kwa yeyote wa kaskazini ambaye Luganda chake kinachechemea, na lilinolewa makali zaidi na vita vya Luwero, 1981 hadi 1986, pale kila askari aliyechoma nyumba alipohesabiwa kuwa mtu wa kaskazini na kila mtu wa kaskazini akahesabiwa kuwa askari. Wewe hukulitumia kwa ubaya. Uliweka hata "wetu" mbele yake. Rafiki yangu wa mpira naye alikuwa wetu.

Ulishangaa kwamba kijana huyo peke yake ndiye aliyecheka mteja aliposimama. Mimi sishangai sana. Inawezekana ndani ya saluni ile yeye ndiye aliyemwelewa mteja kabla hajamaliza kusema. Katika barua yako nimejua mteja anatoka mji gani, rafiki yako anauza nini, na wewe umeshika mashine miaka mingapi. Kijana anayefagia nywele nimemjua kwa neno hilo tu. Leo jioni mkifunga, kabla hajachukua ufagio, muulize nyumbani kwao wanamwitaje.